Mpiga Mashini Aliyerudisha Herufi U

INATANGAZWA kwa wakaaji wote wa Kasuku na wa Mikelenge, na hata kwa ndugu zetu wa Alunguli, ng'ambo ya mto, ambao habari huwafikia zikiwa zimelowa, kwamba mji wa Kindu umejaliwa mshairi. Mnaombwa msimnyooshee kidole, msimsumbue anapotafakari, wala msimuulize kama ameshakula. Anayetaka kumwona afike barazani mwa ofisi ya komini, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jua linapofika kwenye kiti chake. Mshairi huyo ni Zéphirin Lokombe.

Tangazo hilo liliandikwa na Zéphirin Lokombe mwenyewe. Alilipiga nakala tatu kwa kaboni. Moja aliibandika ukutani mwa komini, ya pili mlangoni mwa posta, na ya tatu alimpa Masudi, mtengeneza baiskeli aliyefanya kazi hatua nne kutoka kwenye meza yake. Masudi aliigeuza siku ileile, akaandika mgongoni kwa makaa: NIMEENDA KUSWALI, NARUDI. Watu wa Kindu wamesoma upande huo kuliko ule mwingine.

Kazi ya Zéphirin ilikuwa kupiga mashini ya kuandikia. Mashini yenyewe aliirithi kwa baba yake, Ferdinand, karani wa reli, ambaye siku treni zilipoacha kuja aliona wenzake wakijibebea nyumbani walichoweza. Mmoja alichukua mlango, mwingine saa ya ukutani, na Ferdinand akatoka na mashini kichwani kama mwanamke anayetoka mtoni. Herufi M ilikuwa imelegea, ikawa kila mara inarukia juu ya mstari, kwa hiyo mtu yeyote mjini aliweza kutambua barua ya Zéphirin kwa mbali. Barua za kuomba kazi, za kuomba msamaha, za kumkumbusha shemeji kwamba mbuzi bado hajafika: zote zilipita kwenye vidole vyake, na zote alizidharau.

Sababu ya dharau hiyo ilikuwa kitabu. Kabla ya vita, mchuuzi mmoja kutoka Kigoma alimwachia kitabu cha sarufi kisicho na jalada, na humo Zéphirin akagundua kwamba Kindu nzima inaishi katika makosa. Watu walikuwa wanasema muntu, mutoto, mukubwa. Hizo herufi U zilimkera kuliko vita vyenyewe. Akaanza kuzichomoa katika kila neno, polepole, kama mtu anayemtolea mgeni miiba ya samaki. Mtu. Mtoto. Mkubwa. Mama aliyeuza chumvi sokoni alipomsikia mara ya kwanza akitamka hivyo, midomo imefungwa, alimpa pole na kumwonyesha njia ya kwenda kwa mganga wa meno.

Halafu ulikuja ule mwaka wa 2002, mji ukazungukwa. Ndani wanajeshi, nje vijana wa porini, na katikati mashamba ambayo hakuna aliyeweza kuyafikia bila kubeba roho yake kwenye beseni pamoja na majani ya muhogo. Mke wa Zéphirin, Scholastique, alikuwa ameenda Kibombo kutafuta mpunga wiki moja kabla ya njia kufungwa. Njia ilikuja kufunguliwa, Scholastique akaonekana hana haraka.

Katika njaa hiyo Zéphirin aliandika kitabu chake. Kiliitwa Mawimbi ya Milele, kilikuwa na mashairi themanini, na yote yalihusu bahari. Bahari hakuwahi kuiona. Mto Lualaba ulikuwa unapita hatua mia tatu kutoka mkeka wake, ukibeba vyote ulivyobeba mwaka ule, lakini aliuona si wa kishairi.

Upande wa pili wa ua wa mianzi alikaa Odette, aliyemzidi miaka mitano, ndiyo maana Zéphirin alimwita yaya, yaani dada mkubwa. Mume wake Gérard alikuwa ameenda kuchimba dhahabu Kampene na hakuleta habari. Odette alikuwa na watoto wanne, kinu kimoja, na tabia ya kusema anapotwanga sombe, yale majani ya muhogo. Hakuimba, wala hakusali. Alisema tu, neno likishuka na mtwangio, na majirani wakazoea kuja kumsikiliza, sababu sombe kavu isiyo na chumvi inashuka vizuri zaidi ikiwa na maneno.

Siku moja saa nne asubuhi Zéphirin aliwaita majirani waje kusikia Mawimbi. Walikuja watano, wawili wao walidhani kuna chumvi inagawiwa. Alisimama, akafungua karatasi, akaanza kuita povu la bahari. Alikuwa kwenye ubeti wa tatu pale mtwangio wa Odette ulipoanza nyuma ya ua: pu, pu. Mmoja akainuka, wa pili akamfuata, wa tatu na wa nne wakaondoka pamoja ili wasionekane wabaya. Wa tano alibaki kwa sababu alikuwa amelala.

Zéphirin alienda kwenye ua ili akasirike kwa karibu. Ndipo akasikia:

Gérard, miye siko nalia,
ni moshi.
Kama uko naniona, ni moshi.

Alisimama pale akitafuta kosa. Aliyapata mawili, hayakumsaidia kitu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitamani kosa la mtu mwingine liwe lake.

"Zefi," Odette alisema bila kugeuka, "uko nafanya nini pale? Lete sahani."

Alipitisha sahani juu ya ua. Alikula kwa chuki. Sahani ilirudi safi.

Vita viliisha, kwa namna vita vya kwetu vinavyoisha, na miaka ishirini ikapita. Mawimbi ya Milele yalikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, mbali na panya. Zéphirin alitaka kitu kimoja tu kabla ya kufa: kitabu chenye mgongo, na jina lake limeandikwa kwenye mgongo. Si kaburi zuri, si Scholastique arudi. Mgongo.

Basi asubuhi moja radio ikatangaza. Huko Kisangani kuna mama mmoja, Joëlle, mwenye nyumba ndogo ya kuchapa vitabu iitwayo Kalamu Mbichi. Hana mkubwa juu yake, ana mtambo mmoja wenye pumu na mbwa anayeulinda. Anapokea mashairi yaliyopigwa mashini, kurasa arobaini, jina pembeni. Anataka Kiswahili. Zéphirin aliposikia neno hilo aliruka kwenda kufuta vumbi kwenye mashini, kwa hiyo hakusikia maneno mawili yaliyofuata, ambayo yalikuwa "cha kwetu".

Alichagua mashairi arobaini, akayatuma kwa boti mpaka Ubundu, na kutoka Ubundu kwa pikipiki. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. "Ndugu Lokombe, tumesoma Mawimbi. Tumehesabu bahari mara sitini na moja. Kindu iko na bahari?"

Aliona ni kweli, msomaji wa bara anaweza kuchoka na bahari. Akapiga kurasa zote upya, kila penye bahari akaweka ziwa, akatuma. Safari hii jibu lilikuwa na maneno mawili. "Wala ziwa."

Alikuwa katika kupiga kwa mara ya tatu, sasa akirudisha bahari kwa hasira, pale Odette alipofika barazani na kaye, daftari la shule, chini ya kwapa.

"Zefi, unipigie hii."

"Ni nini?"

"Maneno yangu ya kinu. Yule mama wa radio alisema watu watume."

"Yaya Odette, yule anataka waandishi."

"Niliandika. Angalia wino, ni bic."

Masudi, aliyekuwa na gurudumu la mtu mapajani, alicheka mpaka pampu ikamponyoka. Zéphirin alifungua kaye. Yote yalikuwemo: mtwangio, majani, watoto wanne, na ule moshi, mistari mitatu peke yake katikati ya ukurasa mzima, kama mtu aliyekaa peke yake kwenye benchi la kanisa. Miaka ishirini, na bado alikumbuka kila neno. Yake mwenyewe hakuyakumbuka bila kufungua kopo.

"Nitakupigia," alisema. "Tutatuma katika bahasha moja, na yangu."

"Uko muzuri, Zefi."

Hakuwa mzuri. Alikuwa amepata wazo. Kwa kawaida, barua ya mteja ikiwa na makosa, Zéphirin aliinyoosha bila kuulizwa, na hapo ndipo ilipokuwa sifa yake. Lakini hizi karatasi za Odette hatazinyoosha hata kidogo. Atazipeleka na tope lake. Joëlle atafungua bahasha, atakuta juu Mawimbi ya Milele, safi kama shati la komunyo, na chini yake muntu na mutoto na mukubwa wamejazana kama soko la Jumamosi. Ndipo atajua tofauti.

Kulikuwa na kizuizi kimoja. Odette alikuwa amesoma miaka sita kwa masista, na mahali pengine, kwa bahati mbaya, aliandika vizuri. Palipokuwa na mtoto, Zéphirin alipiga mutoto. Mkono ukawa mukono. Mvua ikawa muvua. Miaka ishirini na zaidi alikuwa amechomoa herufi U katika mji mzima. Sasa alizirudisha zote, pamoja na nyingine ambazo hakuna mtu wa Kindu aliyewahi kuzitamka. Alipoona "amelala" akaweka "iko nalala". Alipoona "ndiyo" akaweka "njo". Vidole vilikimbia. Tangu azaliwe hakuwahi kupiga kwa raha namna ile, na hilo nalo lilimuudhi.

Shairi la mwisho alilipigia nyumbani, karibu na ua, kwa sababu mvua ilikuwa imemfukuza barazani. Lilikuwa fupi:

Katekista iko napiga kengele,
watu wote waende kuomba, risasi iko karibu.
Miye niko na batoto wane na chungu moja.

Liliishia hapo. Nusu ya ukurasa ilibaki nyeupe. Na wakati huohuo, kutoka upande wa pili, harufu ya sombe yenye mawese ikapita katikati ya mianzi na kumkalia puani. Zéphirin hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Wivu unashibisha mpaka saa nane hivi, baada ya hapo unaleta kizunguzungu. Aliitazama ile nusu nyeupe. Akaona aonyeshe huko Kisangani ni mshairi wa aina gani huyu, mshairi wa masufuria, ambaye hata mbinguni pakifunguka atauliza kama maji yamechemka. Akapiga mstari wake mwenyewe chini ya ile mitatu:

Mungu angojee kidogo, sombe iko ku moto.

Alicheka peke yake mpaka kuku wakaondoka. Asubuhi yake bado alikuwa anacheka.

"Uko nacheka nini?" Masudi aliuliza.

"Fasihi."

"Basi iko karibu kukuua."

Aliweka Mawimbi juu, karatasi za Odette chini, akafunga bahasha, akaipeleka kwenye boti. Nakala ya kaboni alimpa Odette, kwa kuwa hiyo ni sheria ya kazi na Zéphirin aliheshimu sheria za kazi hata akiwa anatenda dhambi. Kaboni ilikuwa imechakaa. Alitegemea Odette hatasoma mpaka mwisho.

Miezi mitatu ikapita, barua ikaja. Bahasha iliandikwa jina lake, kwa kuwa ndiye aliyetuma, akaifungua palepale. Iliandikwa hivi:

"Mama Odette mupenzi, tumelia na tumecheka. Tunachapa kitabu chako chote, bila kugusa herufi. Hatujaona mtu aliyethubutu kuandika Kiswahili cha Maniema namna hii, na hizo U kama vifundo vya mwanzi. Tunaomba ruhusa kitabu kiitwe Sombe Iko ku Moto, kwa sababu ule mstari wa mwisho umebeba vita vyote. Mwambie Ndugu Lokombe kwamba mswada wake, kwa kuwa ulikuwa juu, ulipigwa na mvua njia nzima, lakini uliukinga wako vizuri sana. Tunamshukuru. Ukurasa mmoja ndio uliosomeka. Ulikuwa na bahari."

Zéphirin aliiweka barua chini ya mashini. Akaendelea na kazi. Alimpigia mtu ombi la kiwanja, na katika ombi hilo akaandika sombe mara mbili. Mstari mmoja katika maisha yake yote ulikuwa umependwa na mtu anayechapa vitabu, mmoja tu, wala haukuwa na wimbi ndani yake, na ulikuwa wa Yaya Odette. Kuudai ni kusema alivyoupata. Na nani atasema hivyo mbele ya watu: niliandika hii ili kumchafua jirani aliyenilisha?

Siku ya tatu Masudi aliinamia meza.

"Ile barua iko chini ya mashini tangu juzi," alisema. "Utatotoa?"

"Si yangu."

"Naona. Ingekuwa yako, hata samaki wa Lokandu wangekuwa wameisikia."

Jioni, kabla jua halijazama, Odette alimwita kwenye ua kama kawaida, sahani ikiwa tayari. Zéphirin alipokea sahani kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akapitisha barua. Mwenyewe hakujua ni mkono upi ulioamua. Odette alisoma amesimama, midomo ikitembea. Alipofika mahali fulani alikwama, akarudi nyuma, akasoma tena. Zéphirin aliacha kutafuna.

"Wanataka ule mustari wa mwisho uwe jina," Odette alisema.

"Naona."

"Ni muzuri."

"Ni mzuri," Zéphirin alisema, akachomoa U kwa mazoea.

Odette aliikunja barua, akaifunga kwenye pindo la kitenge. "Kula," akasema. "Inapoa."

Vitabu vilifika katika msimu wa kiangazi, makatoni mawili, na Joëlle mwenyewe amekaa juu yake ndani ya boti. Alikuwa mwanamke mfupi wa sauti kubwa. Parokia ilitoa ukumbi. Watu walijaa, wakiwemo wale wanne waliomwacha Zéphirin katika ubeti wa tatu, sasa wana mvi na wamekaa mbele. Zéphirin alikaa nyuma karibu na mlango. Alishika nakala moja na kutazama mgongo wake. ODETTE, kwa herufi nyekundu. Ulikuwa mgongo mzuri sana, mwembamba, ulionyooka. Alitamani kuumega.

Kisha akasimama Gédéon, asistani, mwalimu mdogo wa chuo kikuu, mwenye koti na chupa ya maji, kueleza ule mstari. Aliueleza kwa dakika arobaini. Alisema katika neno "angojee" kuna historia nzima ya mtu mweusi na mbingu. Alisema "kidogo" ni kipimo cha wakati wa vita. Kuhusu "ku" alisema mambo ambayo hata Joëlle aliacha kuandika. Zéphirin alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza wivu wake ulipoteza njia. Kwanza alimwonea wivu Odette. Halafu alimwonea Gédéon, aliyekuwa anaumiliki mstari kwa mdomo. Mwisho alijikuta anamwonea yule mpiga mashini wa siku ile ya mvua, yule mjinga aliyekaa karibu na ua akicheka na kuku, ambaye kitu kile kilimjia bila kukitafuta na asijue. Huyo ndiye aliyemchukia kuliko wote.

Watu walipiga makofi. Odette akaitwa mbele aseme neno.

"Nimesikia vizuri," alisema. "Asante, Monsieur. Lakini ule mustari si wangu."

Zéphirin alitazama mlango. Palikuwa na mama mnene mwenye mtoto mgongoni, hapakuwa na nafasi ya kupita.

"Ni wa Zefi, jirani yangu, yule kule nyuma. Alinipigia mashini, akaongeza. Nilisoma kaboni siku ileile. Nilikasirika mpaka nikatia chumvi mara mbili. Nikasema kesho namurudishia kaboni yake usoni. Halafu nikasoma tena. Mwaka ule katekista alipopiga kengele, njo maneno nilisema mu roho yangu. Sikuandika, niliogopa padri. Zefi hakuogopa. Nikaiacha."

Vichwa vyote viligeuka. Mtu fulani, bila shaka Masudi, alianza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Joëlle alikuwa amesimama juu ya katoni tupu ili amwone. Alisema katika chapa ya pili jina la Ndugu Lokombe litawekwa, hata kwenye mgongo likipata nafasi, lakini kwanza wamsikie. Wakampisha, wakamsukuma, akafika mbele.

Hotuba ilikuwepo. Alikuwa nayo tangu 2002, kurasa tatu kichwani, ilianza na "Enyi mawimbi". Gédéon alimpa chupa yake ya maji kwa mikono miwili, kama anayetoa sadaka, akainama kidogo.

"Mwalimu," Gédéon alisema, "kabla hujatuhutubia, tujulishe sisi tunaokufuata. Siku ile, ulipoandika maneno haya, roho yako ilikuwa katika hali gani?"

Zéphirin alikohoa. Alimtazama Odette, akatazama kile kitabu, akafungua kinywa kwa ajili ya mawimbi, na mawimbi hayakuja.

"Nilikuwa na njaa," alisema.